Bunduki Haikulia

Neno lilimukuta Laurentine kwenye bomba la maji, ndoo yake bado haijafika nusu. Wanawake wa Quartier Albert walikuwa wakipiga domo juu ya unga wenye wadudu waliopewa kwa posho, kisha wakanyamaza wote kwa mara moja, na mutu mwenye akili anajua kimya cha namna ile kinamuangalia nani. Mwajuma peke yake, muke wa fundi viatu, mutu wa Kasongo, hakuweza kukaa na neno tumboni.

— Mi siwezi kukuficha, mwenzangu. Banasema bwana yako anakosa nyama juu yako. Banasema uko na mwanaume wa inje.

— Nani njo anasema?

— Muzee Chileshe. Jana alisimama hapa hapa, akasema mbele ya bantu bote, na sauti ya kanisa.

Laurentine alijaza ndoo mpaka juu, akajitwisha, akarudi nyumbani bila tone kumwagika. Hasira yake ilikuwa ya namna hiyo, haimwagiki.

Mume wake, Désiré, alikuwa muwindaji wa Muzungu mumoja mwenye bucherie, duka la nyama, mujini Élisabethville. Ilikuwa miaka ya vita kule Bulaya, nyama ya ng'ombe ilikuwa shida, na wafanyakazi walikula nyama ya porini. Zamani Désiré aliua vizuri na bunduki ya baruti, ile ya kujaza kwa mudomo, aliyofundishwa na baba yake mukubwa, Muzee Chileshe. Lakini tangu Muzungu alipomupa bunduki kubwa ya risasi, ile watu waliyoiita Punda kwa sababu ya teke lake, mambo yaligeuka. Asubuhi alipanda kinga, baiskeli yake, kupita kijiji cha Kasungami, jioni alirudi na maganda matupu ndani ya kopo, maana Muzungu hatoi risasi mupya bila kuona ganda la ile uliyopiga. Kopo lilijaa. Sufuria ilikaa tupu.

Na kwa wawindaji wa kwao, sababu inajulikana hata kabla ya kuulizwa. Muwindaji akikosa na kukosa, angalia nyumbani kwake. Muke akitoka inje, bunduki inajua, inakataa kuua. Basi muke ataje jina la mwanaume wake, anawishwe dawa, bunduki nayo inawishwe, mambo yaishe. Asipotaja, anarudishwa kwa wazazi wake, na mutoto anabaki kwa baba.

Jioni ile Muzee Chileshe akaja. Jicho lake la kuume lilikuwa jeupe kama yai, na shavu la upande ule lilikuwa na madoadoa meusi yasiyotoka hata kwa sabuni. Alikaa kwenye kiti, akaweka kofia juu ya goti.

— Mama Floribert, taja jina tu. Hatutakupiga. Hata ukitaja mutu mwenye alikufa, iko muzuri.

— Baba Mukubwa, mi sina na jina ya kutaja.

— Kila mwanamuke iko na jina.

— Miye niko nayo moja. Ni ya ule mwenye kuikala pale, anaangalia miguu yake.

Désiré hakuinua uso. Hilo ndilo lililomuchoma Laurentine kuliko maneno ya muzee. Angekasirika angalau, angesema ndiyo, angesema hapana. Alikaa tu kama mugeni katika nyumba yake.

— Dimanche kisha misa tutaikala jamaa yote, muzee akasema. Ukikataa tena, njia ya kwenu unaijua. Floribert atabakia.

Floribert, ambaye hata ziwa alikuwa hajaacha, alikuwa akivuta kikwembe cha mama yake. Laurentine akamuinua, akamufunga mugongoni, akakaza fundo.

— Sawa, Baba Mukubwa. Dimanche.

Kesho yake Claudine, dada ya Désiré, alikuja kumupa wifi yake shauri la wanawake.

— Bukwe, taja tu. Miye nilitaja. Nilitaja mupita-njia mwenye hata sikumuona na macho. Bakaninawisha, bwana yangu akaua kongoni, mambo ikaisha.

— Iliisha? Na pale bantu banagombana na weye, banakuita nani?

 Claudine akaaga bila kumaliza chai.

Laurentine hakuwa mutu wa kelele. Shule ya masista aliiacha mapema, lakini tangu utoto alikuwa na tabia moja: akikutana na jambo asilolielewa, aliliangalia tu, mpaka jambo lenyewe lichoke kujificha. Usiku huohuo, wakati wa kumukanda mume wake kwa maji ya moto, aliangalia. Alama ya teke la Punda haikuwa begani, pale kwenye kishimo ambapo kitako cha bunduki kinatakiwa kulala. Ilikuwa chini zaidi, juu ya mukono, nyeusi, na kuvimba kama kiazi.

— Baba Floribert, unaishikaka namna gani?

— Namna banaishikaka. Lala.

Kwa hiyo akamufuata porini. Wanawake waliruhusiwa kwenda nyuma ya wawindaji kubeba nyama, mradi wakae mbali na bunduki. Alikaa nyuma ya kichuguu kikubwa, mutoto amelala mugongoni, majani yamekwisha kuungua na moto wa kiangazi, kwa hiyo kila kitu kilionekana wazi. Mbawala mumoja akatoka kwenye miti, akasimama kwa ubavu, tena karibu. Désiré alipiga goti. Alilenga vizuri, mukono umetulia, pumzi imetulia. Laurentine akajisemea, leo tutakula.

Halafu, kidogo tu kabla ya mulio, akaona. Désiré aligeuza uso kama mutu anayekwepa kofi. Macho akayafumba. Kitako kikaachana na bega, mudomo wa bunduki ukainama, na vumbi likaruka mbele ya miguu ya mbawala. Munyama akaondoka zake, hata hakukimbia sana.

Njiani kurudi alimwambia.

— Unafumbaka macho.

Désiré akasimamisha kinga.

— Nani?

— Weye. Punda haiyakupiga bado, weye umeisha kukimbia.

— Mwanamuke njo atanifundisha bunduki! Miye? Kufumba macho? Niliwinda tangu sijaota ndevu!

Laurentine akamutazama usoni na kuona kwamba hakuwa anadanganya. Hakujua. Mutu aliyefumba macho hawezi kujiona amefumba. Na hapo ndipo alipokumbuka jicho jeupe la Muzee Chileshe na yale madoadoa ya baruti, akaelewa yote. Ile bunduki ya zamani inatema moto karibu na uso. Muzee aliacha macho wazi, ikamuchoma. Basi mutoto aliyemupenda alimufundisha kugeuza uso, na kushika kitako mbali kidogo, maana huwezi kujua baruti imezidi ama hapana. Akajifunza vizuri sana, na ile ya zamani, yenye kumwaga vyuma vingi kwa karibu, haikukosa. Sasa mukono wake ulikuwa ukimukimbia Punda kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Lakini nani angemusikia mwanamuke aliyeshitakiwa? Kueleza hakungefaa. Ilibidi waone.

Dimanche, siku ya Mungu, kisha misa, jamaa ikakaa katika lupango, uwanja wa nyumba ya Chileshe. Wazee wanne watano, Claudine na wanawake wengine pembeni, na Mwajuma, ambaye hakualikwa na mutu lakini alikuja na kiti chake.

— Weye njo jamaa? Chileshe akamuuliza.

— Hapana, muzee. Niko na macho tu.

Muzee akaacha. Akamugeukia Laurentine.

— Jina.

— Hakuna.

— Basi fungasha.

— Nitafungasha, Laurentine akasema, akasimama katikati yao. Lakini munasema bunduki inajua siri yangu. Muzuri. Tuende tuiulize yenyewe. Mi njo nitaitia risasi na mikono yangu, mbele yenu. Baba Floribert apige kichuguu. Kichuguu hakikimbii, hakina na miguu. Kama niko mubaya, itakosa kichuguu, na nitaenda kwetu leo leo, sitalia.

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyewahi kusikia muke wa muwindaji akigusa bunduki, lakini hakuna pia aliyependa kuonekana anaogopa jibu lake. Mumoja akacheka.

— Huyu mwanamuke anajichimbia shimo. Tuende.

Wakaenda, wengine kwa kinga, wengine kwa miguu, mpaka kupita mashamba ya Kasungami. Laurentine akapaka unga mweupe kwenye kichuguu, duara la ukubwa wa sahani. Akarudi, akawapa mugongo, akafungua komeo la Punda kama alivyomuona mume wake akifanya kila jioni wakati wa kuisafisha, akatia risasi, akafunga. Akamupa Désiré. 

Punda akalia. Udongo ukaruka chini kabisa, mbali na unga.

— Munaona! Chileshe akapiga kofi. Munaona na macho yenu!

— Ngojeni, Laurentine akasema. Tena moja.

Akachukua bunduki, akawapa mugongo. Safari hii mukono wake uliingia ndani ya kikwembe, pale alipofunga ganda moja tupu alilolitoa kwenye kopo asubuhi. Akalitia. Akafunga komeo.

— Muangalie yeye, sasa. Muache kichuguu. Muangalie yeye.

Désiré akalenga. Akatulia. Akavuta.

*Ta.*

Hakuna mulio, hakuna moshi. Lakini mwili wa Désiré uliruka wote. Mudomo wa bunduki ukapiga chini mpaka ukakaribia udongo, bega likarudi nyuma, uso ukageuka upande wa wazee, na wazee wakamuona waziwazi: macho yamefumbwa kwa nguvu, meno yameumana, anangoja teke ambalo halikuja.

 Kisha Mwajuma akaangua kicheko, akaziba mudomo na kikwembe.

— Fungua macho, Baba Floribert, Laurentine akasema polepole. Bunduki haikulia. Haikuwa na kintu ndani. Sasa uniambie, ni mwanaume gani wa inje njo alikusukuma?

Désiré akafungua macho. Akaangalia bunduki, akaangalia mikono yake kama ya mutu mwingine. Akafungua komeo, ganda tupu likaanguka. Akaliokota, akaligeuzageuza.

— Mi... njo niko nafanyaka hivi? Siku yote?

— Siku yote.

Akakaa chini. Laurentine akamukasirikia na akamuhurumia kwa wakati mumoja, lakini hasira ilikuwa mbele.

— Simama. Hatujamaliza.

Akakunja kitambaa chake cha kichwa, akakiweka kwenye kishimo cha bega la mume wake, akasukuma kitako pale kwa kiganja, kwa nguvu.

— Ishikilie karibu kama mutoto. Ukimuachia Punda nafasi, anakuja mbio. Ukimushika karibu, anakusukuma tu. Na uso ukae. Hii haina moto ya kukuchoma, moto yote inatokea kule mbele. Sitakuambia kama niliweka risasi ama ganda. Usingoje kintu. Angalia unga tu.

Mara akatia ganda, Désiré akaruka. Ganda tena, akaruka kidogo. Claudine akaanza kuhesabu kwa sauti kama mutoto wa shule, wakamunyamazisha. Jasho lilimutoka Désiré kwenye shingo. Ganda tena, na safari hii mudomo wa bunduki ulikaa pale pale, macho yake wazi, makubwa, yamejaa maji. Laurentine akachukua bunduki, akawapa mugongo, akairudisha.

Punda akalia. Désiré akayumba, lakini macho hakuyafumba, na aliuona unga mweupe ukipasuka kwa upande, si katikati, kwa upande, lakini ndani ya duara. Akapiga kelele kama mutu aliyejikwaa kwenye dhahabu.

Wazee wakaanza kusema wote pamoja, juu ya hali ya hewa, juu ya njaa, juu ya kurudi.  Chileshe alijigusa shavu lenye madoadoa.

— Ile yangu ilinichoma jicho, akasema mwishoni. Nilimufundisha kugeuza uso juu nilimupenda. Alikuwa mutoto wa ndugu yangu.

— Najua, Baba Mukubwa.

— Basi. Akavaa kofia. Mambo imekwisha, Mama Floribert. Tunakusamehe.

Désiré akashusha kichwa, kama mambo yamekwisha kweli. Laurentine hakushusha.

— Munanisamehe nini?

— Niseme, tunaacha lile neno.

— Hapana. Neno hamukuliacha hapa. Muliliacha pale bomba. Mulikuja hapa na jamaa tu, lakini kule mulisimama mbele ya bantu bote. Mutalichukua kule mulikoliweka.

— Mimi? Muzee kama miye, kwenye bomba ya banamuke?

— Ulijua njia siku ya kwanza.

 Mumoja wa wazee akasema mwanamuke huyu amezidi. Désiré akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, alisema neno lake mwenyewe.

— Muke yangu anasema kweli, Baba Mukubwa. Uende. Nitakusindikiza.

Kesho yake, Lundi asubuhi, foleni ya ndoo ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Mwajuma alihakikisha hivyo. Muzee Chileshe akaja na kofia mukononi, Désiré nyuma yake. Muzee alisimama pale aliposimama siku ile, akakohoa, akasema neno lake chini chini, akiliangalia tope.

Laurentine alikuwa ameinama kwenye bomba, ndoo yake ikijaa. Hakuinua kichwa.

— Sema kwa nguvu, Baba Mukubwa, akasema. Maji inapiga kelele.