Kimo cha Kiti

Adventina alipanda lile gari la kwanza bila kushikwa mkono, na hilo ndilo lililomdanganya mumewe, Rugaibula. Alikaa kwanza upande upande, akavuta mguu wa kulia ndani, kisha akauinua wa kushoto kwa mikono yote miwili, kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. Alipomaliza, alitabasamu kupitia kioo cha mbele.

Rugaibula akaandika daftarini: RAV4, anapanda mwenyewe. Kisha akamwomba ashuke, ajaribu X-Trail nyeusi iliyoegeshwa kando. Nayo akaipanda.

Fundi Najibu, waliyekuja naye kwenye yadi hiyo ya Bukoba awakagulie magari, alitoka uvunguni akijipangusa mgongo. "Mwalimu, yote mawili ni mazima. Chukua unalolipenda."

Lakini Rugaibula alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuzoea kuandika jibu bila kuonyesha njia. Daktari alikuwa amewaambia kwamba ugonjwa wa Adventina unakula misuli na hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Wanayopenda kuyafanya, wayafanye mapema. Adventina alitaka kitu kimoja: kwenda kwao Buganguzi kila apendapo, akakae kibanjani, kwenye shamba la migomba la mama yake. Kusafiri kwa basi kulikuwa kumeshamshinda. Kwa hiyo gari hilo halikupaswa kuwa na kosa.

Akalinganisha kwa majuma matano. Alilinganisha mafuta, shokapu, kimo cha viti, upatikanaji wa spea, na upana wa buti, ingawa hakutamka kwamba buti lile lilikuwa la kiti cha magurudumu. Aliyaendesha yote mawili hadi Kamachumu, akisikiliza yanavyopumua mlimani. Kila jioni, nyumbani Buhembe, alimsomea mkewe alichoandika. Mwanzoni Adventina alimsikiliza huku akimenya ndizi. Baadaye alisikiliza akiwa ameshika kisu tu. Juma la nne ndizi zikamenywa na Joanitha, binti yao, na Rugaibula akaendelea kusoma.

"Baba Joanitha," mkewe alimkatiza jioni moja, "lipi litafika Buganguzi?"

"Yote yatafika."

"Basi."

Rugaibula alidhani mkewe anamwambia ameelewa.

Jumamosi ya juma la sita walirudi yadini. Magari yalikuwa pale pale, yameoshwa. Adventina aliupa mgongo mlango wa RAV4, akaegemea kiti, akasukuma kwa viganja. Mabega yalitetemeka, mwili haukuinuka. Akapumzika, akasukuma tena. Joanitha akamwongoza hadi kwenye X-Trail, na huko ikawa vile vile. Najibu alianza kufuta mikono iliyokuwa safi.

Rugaibula alitoa futikamba mfukoni. Alipiga magoti, akapima kutoka ardhini hadi kwenye kiti, akalinganisha na daftari.

"Kiti hakijapanda," akasema.

"Najua," Adventina akajibu taratibu. "Ni mimi niliyeshuka."

Rugaibula alibaki amepiga magoti kwenye changarawe. "Tungelichukua siku ile..."

Alingoja mkewe amkatize, aseme haidhuru. Kwa miaka ishirini na sita Adventina alikuwa amemwambia haidhuru.

"Ndiyo," Adventina akasema. "Ningefika kwa mama nikashuka mwenyewe." Kisha, kwa sauti ya chini, "Niinue. Nimechoka kusimama."

Alimwinua mbele ya watu wote wa yadi. Alikuwa amejiandaa kwa uzito, na kwa kuukosa alipepesuka nusura aanguke. Akasimama katikati ya magari mawili, mkewe mikononi, daftari limeanguka miguuni.

"Lipi?" akauliza.

"Lililo karibu."

Lililokuwa karibu lilikuwa jeusi. Ndilo walilolinunua.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walishika barabara ya Muleba. Njiani Adventina alisema mama yake hajui lolote kuhusu ugonjwa. Habari kama hii haipelekwi kwa simu, atamwambia mwenyewe watakapokaa. Rugaibula aliitikia. Gari lilikwenda vizuri. Hata lami ilipokwisha lilikwenda vizuri, na uzuri huo ulimchoma.

Bibi Kokugonza, mama yake Adventina, alitoka migombani kabla injini haijazimwa, mzee mwenye miaka themanini na mbili, akitembea haraka kuliko wote waliomo garini. Alimshukuru Mungu kwa Kihaya. Akalizunguka gari lote, akalipapasa kama anayepapasa ng'ombe wa mahari, akamsifu mkwewe kwa kuchagua vizuri. Rugaibula alimwamkia. Akaenda kufungua mlango wa mkewe.

Bibi akaja akasimama mbele ya mlango huo. Alimwona binti yake ameketi, mikono mapajani, anamtazama. Akacheka kwa furaha, kisha akarudi nyuma hatua mbili ili kumpisha.

"Shuka basi, mwanangu," akasema, na akafungua mikono yake.