Kitufe cha Kubali

Jumanne saa nne asubuhi, Waithira alikuwa ameketi kibarazani kwake Giakanja, sinia mapajani, akichagua njahi, jamii ya maharagwe. Alitoa vijiwe, akatoa zilizotobolewa, akabakisha zile nyeusi zinazong'aa, zenye mstari mweupe pembeni. Kilo tatu. Zilikuwa za bintiye Wangui, ambaye angejifungua huko Manchester baada ya wiki mbili. Mzazi asiyepikiwa njahi hukauka maziwa. Juu ya jambo hilo Waithira hakubishana na mtu, hata daktari.

Wangui alikuwa na binti mmoja tayari, aliyepewa jina la mama wa mume kama ilivyo desturi. Huyu wa pili angeitwa Waithira. Na katika ukoo wao, mwenye jina akiwa hai, ndiye humwita mtoto kwanza. Kabla ya hapo mtoto huitwa mgeni. Wangui mwenyewe aliitwa na mama wa baba yake, kikongwe aliyebebwa kwa machela kutoka Othaya siku ya mvua, akatamka jina mara moja, akanywa uji, akabebwa tena kurudi.

Tiketi ilitoka kwa Mwai, kifungua mimba wake. Mwai alikuwa mtu wa semina. Shirika lake lilikuwa na ofisi mjini Nyeri na mikutano kila mahali isipokuwa Nyeri, na kwa kupanda ndege sana alikuwa amejikusanyia maili, zile pointi ambazo kampuni ya ndege humpa mteja wake wa kila siku. Maili hizo alizigeuza tiketi ya mamake. Alilitangaza jambo hilo kanisani, Jumapili ya shukrani, simu ikiwa juu kama kombe la mpira. Watu walipiga makofi. Mchungaji alimwomba Mungu amwongezee maili.

Saa nne na dakika ishirini, Mwai akiwa ofisini anangoja chai, simu yake ilipata ujumbe. Safari ya mamake ilikuwa imesogezwa mbele kwa saa ishirini na sita. Chini ya ujumbe kulikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa Kubali, na chini ya kitufe maandishi madogo kama mayai ya chawa. Mwai alibonyeza Kubali. Kule Giakanja, Waithira alikoma, njahi moja ikiwa katikati ya vidole vyake.

Jirani yake Watiri alipokuja kuazima chungio alimsalimu mara mbili, akamgusa shavu, akaliona lina joto. Akangoja kidogo. Kisha akamkamua ng'ombe, akawafungia kuku, na jioni akamtupia Waithira blanketi mabegani, maana baridi ya Julai haina huruma. Kesho yake, saa sita na dakika ishirini mchana, njahi ilianguka kwenye sinia.

"Umekuja saa ngapi?" Waithira aliuliza.

"Jana."

"Na hii blanketi?"

"Ni yako. Ng'ombe nimekamua. Lita tano, nimekunywa moja."

"Moja tu?"

"Haya, mbili. Ati unahesabu maziwa na ulikuwa umezima?"

Mara ya pili safari ilisogezwa kwa siku tisa. Kitufe kilimkuta Waithira kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, mfuko mgongoni. Wakulima walimpita kwa heshima, karani akampimia kahawa yake na kumwandikia kilo zake bila kumpunja, na Watiri akamrudisha nyumbani kwa mkokoteni, akamsimamisha jikoni ambako hakunyeshi. Siku ya tano Wangui alijifungua. Simu ya Waithira ililia ndani ya mfuko wa aproni mara arobaini na moja. Kuku mmoja alizoea kutagia miguuni pake.

Siku ya tisa alishusha pumzi, akauliza kama zamu yake imefika, akaona yuko jikoni. Njahi zilikuwa zimeanza kuliwa na wadudu. Alimpigia Wangui.

"Mami, hatujamwita," Wangui alisema. "Nesi aliuliza jina nikamwambia ngoja. Karatasi yake imeandikwa Mtoto wa Wangui."

"Usimwite. Nakuja."

Visa yake ilikuwa ya miezi sita, na miwili ilikuwa imekwenda.

Basi alikwenda mjini kwa Masinde, mtu wa Bungoma mwenye duka la kompyuta karibu na soko, ambaye ndiye aliyemjazia fomu za visa. Masinde alisikiliza mpaka mwisho huku akitoa nakala za vitambulisho vya mtu mwingine.

"Shosho, unakwama ukiwa wapi?"

"Popote."

"Hata hiyo ni afadhali. Niko na mteja wa Wang'uru, mama wa mchele, alikwama siku nne ndani ya maji ya shamba. Ndege wa mpunga wakamfanya kijiti cha kutua. Hii ni tiketi ya maili, sivyo? Ya pesa wakiisukuma, pesa ndiyo inangoja. Ya maili haina pesa ndani, kwa hivyo mtu ndiye anangoja. Nani anabonyeza?"

"Mwai. Kijana yangu."

"Mwambie aache kubonyeza." Masinde aliyafungua yale maandishi madogo kwenye tovuti ya kampuni ya ndege, akayavuta kwenye kioo mpaka yakawa makubwa. "Ona. Wao ndio wamebadilisha, si nyinyi. Mwenye akaunti akiwapigia simu anachagua ndege nyingine, bure kabisa. Kuna ya Alhamisi hii, viti viwili viko wazi. Lakini lazima apige yeye. Mimi hawanijui."

"Inachukua muda gani?"

"Kama saa mbili. Wanakuwekea muziki."

Masinde aliyachapisha maandishi hayo kwa herufi kubwa, na Waithira akayapeleka ofisini kwa mwanawe, yamewekwa ndani ya Biblia yasipate mikunjo. Mwai aliyasoma akiwa amesimama. Katibu wake, Jackie, alileta chai na kumwambia Waithira kwamba anapendeza, kwamba hazeeki. Waithira alimwambia ni kweli, siku kumi za mwezi ule hakuzeeka.

"Saa mbili, Mami?" Mwai alisema. "Unajua kwangu saa mbili ni nini?"

"Mimi nimetoa siku kumi."

"Wewe siku uko nazo. Huko shamba ni nini unakimbilia?"

"Basi ifute hiyo tiketi. Nitauza ndama, ninunue ya pesa."

"Nikifuta wanakata maili elfu kumi. Elfu kumi, Mami! Hiyo ni Mombasa kwenda na kurudi. Na kanisani niseme nini? Kwamba mama yangu amekataa zawadi?"

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya mbele ya katibu wake. Alipiga ile namba, akaweka simu mezani isikike. Muziki ulipigwa. Sauti ya mwanamke ikashukuru kwa subira yao, muziki ukarudi. Waithira alikaa wima, mkoba magotini, kama mtu aliye tayari kuitwa. Baada ya dakika kumi na mbili Mwai alikata simu.

"Umesikia mwenyewe," alisema. "Ni muziki tu."

Ndege ya Alhamisi iliondoka na viti viwili vitupu. Masinde alimpigia Waithira kumwarifu, kwa sababu alidhani angependa kujua.

Kabla hajatoka ofisini siku ile, Waithira alikuwa amemwomba mwanawe jambo moja. "Ukitaka kubonyeza tena, niambie kwanza. Niweke chini nilicho nacho."

"Hiyo ni haki yako," Mwai alisema, na akamaanisha.

Wiki tatu zilipita bila ujumbe, siku ya safari ikiwa bado haijafika. Waithira aliona asingoje ndege. Aliamua kumwita mtoto kwa simu. Watiri alisema hajawahi kusikia jina likipita hewani, lakini pia alikuwa hajawahi kusikia mtu akikaa jikoni siku tisa bila kunuka, kwa hiyo hakuweka pingamizi. Walichagua Jumapili baada ya kanisa. Waithira alinawa uso, akafunga kitambaa kipya, akajiwekea kikombe cha maziwa pembeni, maana mwenye jina hunywa funda moja kwanza ili jina litoke kinywani likiwa safi. Mwai alikuwa amekuja kula. Alikaa kwenye kochi na sahani ya mukimo.

Uso wa Wangui ulitokea kwenye kioo, mchovu. Kisha ukatokea uso mdogo mwekundu ndani ya shali.

"Mgeni, angalia," Wangui alisema. "Huyu ndiye wewe."

Mtoto alifungua jicho moja. Waithira aliutazama uso ule kwa muda. Lilikuwa paji la uso lake mwenyewe, na nyusi zake mwenyewe, hata ile ya kushoto inayopanda juu kama ya mtu asiyeamini. Akanywa funda la maziwa, akalimeza. Akavuta pumzi.

Simu ya Mwai ikalia kidogo. Kampuni ya ndege ilikuwa imesitisha njia ile hadi msimu mwingine. Safari ilikuwa imesogezwa kwa miezi saba. Kukubali kulitakiwa ndani ya dakika kumi. Visa ilikuwa imebakiza miezi mitatu, lakini hilo halikuandikwa kwenye ujumbe.

"Mami, wamebadilisha tena," Mwai alisema akitafuna.

Bila kugeuka, Waithira aliinua kidole kimoja, kumwomba angoje.

Mwai alikuwa ameahidi kusema kwanza, na alikuwa amesema. Alibonyeza.

Waithira alibaki pale pale, simu mkono mmoja, kidole juu, mdomo wazi kwa jina.

"Mami?" Wangui aliita. "Mami, umeganda. Mami, ni network? Mwite tena, hatujasikia."

Mtoto alianza kulia. Alilia kwa muda, na Wangui akaendelea kumwinua karibu na kioo, huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali penye mawimbi. Mwai alimaliza mukimo. Kisha alinyanyuka, akachungulia kwenye simu ya mamake, akampungia dada yake mkono.

"Ni network ya Giakanja," alisema. "Mtajaribu siku nyingine."

Akaikata. Simu ilikataa kutoka kwenye vidole vya mamake, akaiacha humo. Alikuwa na mkutano Nairobi kesho asubuhi na hakupenda kuendesha gari gizani. Alipofika mlangoni alikumbuka kwamba ni majira ya nzi. Alirudi, akachukua kitambaa cha meza, akakung'uta makombo, akamfunika mamake mdomo.