Tairi la Nyuma la Elius

Anneth aliangukia kwenye mteremko wa Mjimwema, mchana kweupe, watu wakimtazama. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Nyuma ya pikipiki, ambayo siku hiyo mumewe alikuwa amemwachia, alikuwa amefunga sare za kwaya alizoshinda wiki nzima akizishona, na alipogusa breki kidogo tu ili ampishe ng'ombe, gurudumu la nyuma likamhama kama limepakwa sabuni. Akajikuta amekaa matopeni, sare zimetapakaa huku na huku, goti linawaka moto.

"Pole sana, Mama Jasmine," majirani walimwambia huku wakiinua pikipiki. Mmoja wao aliinama, akapitisha kiganja juu ya tairi, akaguna. "Mbona hili limekwisha?"

Limekwisha vipi? Tairi hilo lilifungwa juma la Pasaka. Anneth alilichagua mwenyewe dukani, likiwa bado na vinyweleo vya mpira mpya, na Pentekoste ilikuwa haijafika. Tena mumewe, Elius, alikuwa na safari moja tu: kutoka nyumbani Mjimwema hadi ghala la mbao pale Njombe mjini, alikokuwa msimamizi, na kurudi. Safari hiyo hata kwa miguu mtu anaimaliza bila kuhema.

Akaikokota pikipiki mpaka kwa fundi. Fundi alifungua gurudumu, akalizungusha, akamtazama Anneth usoni.

"Mama, hii pikipiki inabeba nini?"

"Inanibeba mimi na mume wangu. Na vitambaa."

Fundi akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki, akaacha. Akamwonyesha. Katikati tairi lilikuwa limelika likawa bapa, nyuzi zimeanza kuchungulia. Hivyo ndivyo linavyokuwa tairi linaloshindiliwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe ili lihimili mzigo, alisema. Shokapu zilikuwa zimelala. Spoku kadhaa zilikuwa zimevunjika na kubadilishwa, na ncha za zile mpya, ambazo hakuna aliyezikata vizuri, zilikuwa zikiitoboa tyubu kwa ndani. Tyubu yenyewe ilikuwa viraka juu ya viraka.

"Hapa napo kuna kitu," fundi alisema. Kwa koleo akavuta kutoka kwenye mpira wa tairi mwiba mweupe, mrefu, mgumu kama sindano. "Mgunga. Huu hauoti huku kwetu kwenye baridi. Huu ni wa kule chini, ukishapita Makambako, njia ya Ilembula."

Anneth aliuomba ule mwiba, akaufunga kwenye ncha ya kanga.

Jioni alimwambia mumewe kwamba ameanguka. Elius alishtuka kweli, akachemsha maji, akamkanda goti kwa mkono mpole. Alikuwa mtu mpole siku zote. Usharikani alikuwa mzee wa kanisa, na waumini walikuwa bado wanakumbuka siku aliyosimama mbele yao, mche wa mti mkononi, akasema kwamba anayekata miti achome mkaa anawaibia wajukuu wake. Siku ile walipanda miti mlima mzima.

"Tairi limekwisha, Baba Jasmine."

"Matairi ya siku hizi," Elius alisema bila kuinua macho. "Ni feki tu."

"Na pancha je? Tyubu ina viraka kama blanketi la mlinzi."

"Misumari. Pale ghalani misumari imejaa chini."

Alilijibu lile la pili haraka mno. Anneth hakuutoa mwiba. Alinyoosha tu goti, akamwacha aendelee kukanda.

Tangu jioni ile macho yake yakafunguka, na kila alichokiona kilimchoma. Elius alikuwa akirudi nyumbani ameoga. Mtu anatoka kazini, kwenye vumbi la mbao, katika baridi ya Njombe ambayo maji yake yanauma mpaka mifupa, anaingia ndani shingo imetakata na ananukia sabuni ambayo Anneth hajawahi kuinunua! Pikipiki nayo ilirudi imeoshwa, siti mbichi, rimu zinang'aa. Huyu huyu Elius zamani alikuwa akiliacha tope likauke mpaka lidondoke lenyewe. Kisha kulikuwa na taulo la bluu, ambalo lilitoweka kwenye kamba na halikuonekana tena. Alipoliulizia, Elius alisema labda limepeperushwa na upepo.

Anneth alikaa kwenye cherehani yake akazipanga habari hizo kichwani kama anavyopanga vipande vya gauni, na kila alivyozipanga, gauni lilitoka lile lile. Kulikuwa na mwanamke. Mwanamke wa kule chini, kwenye joto na migunga. Na si mwanamke wa kusindikizwa mara moja na kuachwa, kwa maana tairi halidanganyi: huyo alikuwa anahamishwa, au anajengewa. Mifuko ya saruji, pengine. Mabati. Akaona nyumba nzima, ina baraza, na mtu amekaa barazani anajifuta kwa taulo lake la bluu.

Siku iliyofuata alifunga mlango akaenda ghalani. Alikuta geti limefungwa kwa mnyororo, na majani yameota katikati ya njia ya magari. Mama aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara alimwangalia kwa huruma.

"Hapa palifungwa zamani, dada. Mwenye mali alihamia mkoani kwingine. Wafanyakazi waliagwa wote tangu kabla ya Kwaresima."

Anneth alimshukuru, akarudi nyumbani, akapika. Elius alipoingia, shingo imetakata, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kazini kulikuwaje leo?"

"Kazi nyingi," Elius alisema. "Bosi amegomba tena na wapakiaji."

Akaanza kusimulia ugomvi huo, nani alisema nini na nani akajibu nini, hata akaigiza sauti zao. Anneth alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amekikumbatia kibakuli cha mboga. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kujua kwamba mumewe ana kipaji cha kutunga. Hofu ikamwingia, maana alijiuliza ni hadithi ngapi nyingine alizowahi kuzicheka akiamini ni kweli.

Jina la mahali alilipata kwa jirani yake Fidelia, aliyekuwa akipeleka kabichi kwenye soko la Makambako. Fidelia hakutaka kusema. Alizunguka sana, akaulizia goti, akasifu sare, mwishowe akainama karibu na cherehani.

"Mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu. Lakini pikipiki yenu nimeiona Makambako, kwa Ussi fundi pancha, karibu na reli. Si mara moja. Nyuma ya kibanda cha Ussi anaishi dada mmoja wa huko pwani, Sikudhani. Anauza chai. Mumeo anaingia uani kwake kama mwenyeji."

Anneth hakulia. Alivaa viatu vya kanisani, akapanda basi la Makambako.

Alikikuta kibanda cha Ussi bila kuuliza sana. Pikipiki yao ilikuwa imeegeshwa pale, gurudumu la nyuma limetolewa, na Ussi, mwanamume mnene mwenye kofia ya kufuma, alikuwa amezamisha tyubu kwenye beseni la maji akitafuta mapovu. Aliposikia jina la Elius, mikono yake ilisimama majini.

"Karibu, shemeji. Hayupo hapa sasa hivi."

"Yuko wapi?"

"Mimi naziba pancha za watu, shemeji. Safari zao sizijui."

Alisema hivyo akitazama uani, na Anneth akayafuata macho yake. Mlango wa bati ukafunguka, akatoka mwanamke mrefu aliyejitanda mtandio wa kijani. Mkononi alikuwa na ndoo ya maji yanayotoa mvuke. Begani alikuwa ametundika taulo la bluu.

Yaliyofuata, Anneth hakupenda kuyakumbuka baadaye. Alilinyakua taulo. Ndoo ikaanguka, maji ya moto yakamrukia Sikudhani miguuni, naye akapiga kelele. Anneth alikuwa anapiga kelele kuliko yeye. Alimwita majina ambayo hakujua kwamba kinywa chake kinayajua, akamtukana kwa Kiswahili, Kiswahili kilipomwishia akaendelea kwa Kibena. Alimwambia arudi kwao alikotoka, na kwamba watu wa aina yake wamekuja nyanda za juu kula waume za watu. Watu wakajaa: wauza chai, madereva, wapakiaji wa mizigo. Sikudhani alijiegemeza kwenye bati, akishika mguu wake, anasema tu, "Mimi nauza maji ya kuoga. Mimi nauza maji ya kuoga."

Katika lile kundi kulikuwa na mbeba mkaa mmoja, mweusi kuanzia chini ya kofia hadi vidole vya miguu, gunia tupu begani. Macho ya Anneth yalimpitia, yakaenda kwa mwingine. Wabeba mkaa wote wanafanana.

Ussi ndiye aliyesema. Aliinuka, maji yakimchuruzika mikononi, akamwelekea yule mbeba mkaa.

"Elius, sema basi. Utamwacha huyu dada atukanwe mpaka lini?"

Mtu yule alitazama chini. Kisha akavua kofia, na pale kofia ilipoishia kulikuwa na mstari, na juu ya mstari kulikuwa na paji la uso ambalo Anneth alilijua kama anavyoijua sindano yake.

Elius alianza kuongea, na alipoanza hakuweza kuacha. Ghala lilipofungwa alizunguka Njombe nzima akitafuta kazi, asipate. Rafiki mmoja akampeleka huko bondeni, kupita Ilembula, ambako watu wanachoma mkaa. Akawa anaupakia kwenye pikipiki, magunia yamesimama kumpita kichwa, anauleta Makambako. Njia ni ya mawe na migunga, na tairi lilikuwa likiisha kama kifutio. Mchana akimaliza anaoga kwa maji ya moto ya Sikudhani, anajifuta kwa taulo alilolichukua nyumbani, anaosha pikipiki, anapanda kurudi Njombe.

"Ningekuambiaje?" alisema. "Mimi niliyesimama kanisani na mche mkononi. Ningekuambia kwamba ni mimi sasa?"

Anneth alitegemea moyo wake utulie. Hakukuwa na nyumba, hakukuwa na baraza. Lakini kitu kingine kilikuwa kimeanza kumtafuna, kibaya kuliko cha mwanzo.

"Ulikuwa umesimama pale," alisema. "Tangu mwanzo. Umeniona ninamtukana huyu mama, maji yamemuunguza, na wewe umesimama."

"Niliogopa."

"Ulikuwa radhi niamini una mwanamke?"

Elius aliinamisha kichwa, kofia ikiwa bado mkononi.

Anneth akaenda kwa Sikudhani, akapiga magoti kwenye tope la maji yaliyomwagika, akamwosha mguu kwa maji baridi ya beseni la Ussi. "Dada, nisamehe. Nimekukosea wewe na watu wenu." Sikudhani alimwacha aoshe. Alipomaliza, aliuvuta mguu wake taratibu.

"Nimekusikia," alisema. "Lakini leo siwezi. Njoo siku nyingine, uje peke yako." Kisha akamgeukia Elius. "Na wewe tafuta pa kuogea pengine."

Walirudi Njombe, Elius mbele, Anneth nyuma, tyubu mpya chini yao. Anneth hakumshika kiunoni. Alishika keria. Walipofika kwenye mashamba ya chai Elius alisema kwa sauti ya kukauka kwamba hatarudi bondeni. Anneth akagundua kwamba anaisikiliza sauti yenyewe, siyo maneno, akitafuta mahali inapochanika.

Elius alitimiza. Alijiuzulu uzee wa kanisa kabla hajaulizwa na mtu, akapata kibarua kwenye kitalu cha miche ya parachichi, jirani kiasi cha kwenda kwa miguu. Anneth alirudi Makambako peke yake, mara ya kwanza hakupokelewa, mara ya pili akapewa kikombe cha chai.

Lakini habari za mwanamke wa Makambako zilikuwa zimewatangulia kufika Mjimwema, na mzee wa kanisa kuacha kiti chake ghafla kulizipa miguu. Kwenye kikundi cha akina mama wa usharika sauti zilishuka Anneth alipoingia. Akaona aseme mwenyewe, waziwazi, yaishe.

"Hakuna mwanamke," aliwaambia. "Mume wangu alikuwa anabeba mkaa. Nimemwona kwa macho yangu, mweusi tii, nikakosa kumtambua."

Akina mama walitazamana. Fidelia alimshika mkono, akaupapasa kwa upole sana, kama anavyopapaswa mgonjwa.

"Ni kweli, Mama Jasmine," alisema. "Alikuwa anabeba mkaa. Sisi tumekuamini."

Na kwa jinsi alivyolisema, Anneth alijua kwamba hakuna hata mmoja aliyeamini.