Godoro la Pamba

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili msije mkamlaumu mshenga. Pantaleo alifanya kazi yake vizuri. Alikuja kwangu hapa Kiberege, akakaa, akaniuliza mimi Febronia, shangazi wa binti, kama desturi inavyotaka: "Kwenu kuna mwiko gani, ili wenzetu wasije wakajikwaa?" Nilikuwa napepeta mchele, nikamjibu haraka haraka kwamba hatuli nyama ya pongo. "Basi?" akauliza. "Basi," nikasema.

Mwiko wa pamba sikuutaja. Niliuona ni maneno ya kizee tu.

Mwiko wenyewe ni huu. Mama yangu anaitwa Balbina, na babu yake aliishi upande wa Mahenge enzi za Mjerumani. Akida alimletea mbegu za pamba na kiboko kwa siku moja. Ilikuwa lazima shamba la pamba lilimwe kwanza, na mpunga wake ukasubiri mpaka ukaliwa na ndege. Watu walipochoka walipigana, na Mjerumani akawajibu kwa kuchoma maghala. Njaa iliyofuata ilimzikisha yule babu watoto watatu. Akaapa kwamba pamba haitavuka mlango wa ukoo wake. Mama ana miaka themanini na nane na anakishika kiapo hicho mpaka leo. Kanga anavaa, na ukimwambia nazo ni pamba anakujibu kwamba zilishakuwa nguo, wewe acha ubishi.

Basi siku ya wageni ikafika. Jane, binti wa marehemu kaka yangu, anafundisha historia sekondari kule Ifakara, na amempata Faustin, Msukuma aliyezaliwa humu humu bondeni. Nampenda yule kijana, sifichi. Jumapili iliyokuwa inakuja ndipo tangazo lao la kwanza lingesomwa kanisani. Ilibaki neno la mama tu, maana kwetu bila yeye hakuna anayeolewa.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikasimama uani. Baba yake Faustin, mzee Jilala, akashuka akiwa na koti lake jeusi, na nyuma yake vijana wanne wamebeba godoro zito kama ndama.

"Shikamoo mama," akasema Jilala huku ameinama, ingawa naye ni mtu mzima wa miaka sabini.

"Marahaba baba. Karibuni. Hicho nini?"

"Tumesikia mgongo unakusumbua. Tumekuletea godoro. Pamba yake imetoka shambani kwa dada yangu, Maswa, na tumelijaza kwa mikono yetu wenyewe."

Mama alilitazama lile godoro, akamtazama Jilala, akasema taratibu, "Lirudisheni kwenye gari. Na ninyi mpande pamoja nalo."

Vijana wakabaki wamelishikilia, hawajui walishushe au walipandishe. Jane akapiga magoti mbele ya bibi yake.

"Bibi, hawa siyo Wajerumani."

"Mjerumani alikuja huku kutafuta nini? Wewe si ndiyo unafundisha?"

"Masoko, bibi. Nguvu kazi ya bei rahisi. Malighafi za viwanda vyao..."

"Malighafi gani?"

Jane akaligeukia lile godoro.

"Sema, mwalimu."

"Pamba."

"Haya. Imefika."

Mshenga Pantaleo akaanza kucheka, akaona macho ya mama, akageuza kuwa kikohozi. Mimi nilimwona Jane anajifuta machozi kwa kiganja na nikaona aibu mpaka miguuni. Nikasema, "Mama, aliyekosa ni mimi. Niliulizwa miiko nikaficha huu. Wenzetu hawakujua."

Nilitegemea kurushiwa kiatu. Lakini Jilala ndiye aliyeanza kuongea. Alisema kwao pamba walilimishwa na Mwingereza. Baada ya mavuno ilikuwa amri kung'oa mabua yote na kuyachoma, na baba yake alichelewa kwa sababu alikuwa anauguza mke. Wakamfunga. Alipotoka, mke alikuwa ameshazikwa.

"Alikuwa mama yangu," alisema. "Wazee wetu wakakaa wakasema, kama ni kulima pamba, basi mizani ya kuipimia tuishike wenyewe. Wakaunda ushirika wao. Mimi pamba sikuichukia, mama. Niliona tumeipokonya mikononi mwao. Ndiyo maana nimekuletea."

Mama akamuuliza, "Baba yako alifungwa siku ngapi?"

"Miezi miwili."

"Pole sana, baba."

Akajipangusa pua kwa kanga, akajinyoosha. "Faini ya kuvunja mwiko iko palepale. Jumamosi mnakuja nyote kunipalilia mpunga, na huyu binti yangu mwongo awe wa kwanza mstarini. Nikishaona mnavyoshika jembe ndipo nitasema neno langu. Msukuma wewe, ng'ombe wenu wamekula mpunga wangu miaka yote hii, safari hii mtaujua unavyooteshwa!"

Jilala alicheka mpaka koti likatetemeka, akamjibu kwamba ng'ombe wake hawawezi kula mpunga mbaya namna ile. Nikamtazama mama nikidhani atakasirika. Aliangua kicheko. Ila kuhusu neno lake, hakusema kitu, na Jane hakulala vizuri siku zile.

Jumamosi tulifika shambani mapema, umande bado uko majanini. Wasukuma kumi, Faustin akiwamo, Pantaleo, Jane, na mimi mkosaji. Nikainua jembe.

"Weka chini!" mama akapiga kelele.

Alikuwa amekaa pembeni na masufuria matatu: wali, maharage, na samaki wa kukaanga. Hata sijui aliamka saa ngapi.

"Kuleni kwanza. Babu yangu alilima pamba yao kwa njaa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia neno hilo. Katika shamba langu hakuna atakayelima hajashiba."

Jilala akapokea sahani kwa mikono miwili, akaanza kula. Jane ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Bibi, na lile neno lako?"

Mama akamtazama kama mwanafunzi mzito.

"Nimepika tangu alfajiri kwa mgongo huu," akasema. "Ulidhani nawapikia wageni?"