Malisho ya Ukumbini

Jumanne jioni Ravdna alikung'uta theluji viatuni, akafungua milango yote miwili ya ukumbi wa kijiji, akasali sala ya chakula kama anavyosali mezani kwake. Kisha akawaingiza kulungu wake wa kufugwa.

Mvua ilikuwa imenyesha juu ya theluji ikaganda, na malisho ya ardhini yakafungiwa chini ya barafu. Miaka ya namna hiyo kulungu walikimbilia msituni, kwenye misonobari mikongwe yenye ndevu nyeusi za kuvumwani zinazoning'inia matawini. Ndevu hizo ndizo zilizowafikisha hai hadi masika. Lakini msitu kampuni ya mbao iliukata kiangazi kilichopita. Ulibaki kwenye filamu tu, aliyoipiga Tuulikki, binti wa kutoka kusini, kabla misumeno haijafika.

Tuulikki aliwasha mashine ya filamu. Misonobari ikajaa ukutani. Jike kiongozi alinusa, akapanda jukwaani, akaingia pichani. Wengine wakamfuata, kwato zikigonga mbao, kisha zikanyamaza kwenye theluji ya upande wa pili.

"Dada, hawa wamekata tiketi?" aliuliza Heaika, mdogo wake Ravdna, kutoka kiti cha nyuma.

"Watalipa kwa mavi. Chukua ufagio."

Filamu ilipokaribia kwisha, Ravdna aliwaita, wakatoka pichani wakitafuna.

"Wametoka wote, mama?" Tuulikki aliuliza.

"Wametoka."

Tuulikki hakuuliza zaidi. Siku ya kwanza kufika kijijini aliuliza idadi yao, na Ravdna akammiminia kahawa bila kumjibu mpaka ikapoa.

Wakati huo bwana wa kampuni alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuja kuhusu malalamiko ya Ravdna juu ya msitu uliokatwa.

"Una kulungu wangapi, mama?"

Heaika aliacha kufagia.

"Na wewe, benki una ngapi?" Ravdna alisema.

Bwana alicheka kidogo, akampisha ndama aliyepita na ndevu za msonobari mdomoni. Alimpapasa mbavu.

"Wamenona. Idadi husemi. Sasa hasara niiandike wapi?"

"Iandike pale msitu ulipokuwa."

"Msitu si huu hapa?" alisema kwa upole, akionyesha ukutani. Hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia Tuulikki, akamwomba aupige picha na ule wa ng'ambo ya mto mapema, kabla ya Pasaka, ili wanyama wasije wakapata shida kazi ikianza.

Tuulikki alimtazama Ravdna. Ravdna alikuwa akitazama filamu. Matawi ya chini yalikuwa matupu, yameliwa hadi pale shingo ya kulungu inapofika.

"Rudisha mwanzo," alisema.

Tuulikki akarudisha. Mwanzoni nako matawi yalikuwa matupu.

Ravdna alifunga kitambaa chake cha kichwa, akashukuru kwa chakula, akawatoa kulungu nje.

"Kamera yako isipate baridi," alimwambia Tuulikki. "Kesho tutavuka mto mapema."