Kisu cha Fundi Mpita Njia

Kila Jumapili asubuhi napita sokoni kwa Bei Moja, muuza vitu vikuukuu, kutafuta mikasi. Mimi ni fundi wa maturubai, na turubai halina huruma na mkasi wa mtu. Bei Moja hutandika chini kipande cha turubai (nilikishona mimi, ndiyo maana hakijachanika) na kumwaga juu yake vikorokoro vyake vyote: vijiko, kufuli zisizo na funguo, pasi zilizoungua. Kila kitu bei moja, na bei yenyewe haizidi ya soda.

Jumapili hiyo sikuwa na haja ya mkasi. Nilikuwa na hasira. Mchana wake mtu wa vyuma chakavu alikuwa anakuja nyumbani kubeba fuawe ya baba, lile pande la chuma la kufulia. Baba alikuwa mhunzi maisha yake yote mpaka magoti yalipomkatalia kusimama, na kaka yangu alitaka lile banda la kufulia chuma aligeuze chumba cha kupangisha. Kaka simlaumu sana, yeye anaona pango mahali ambapo mimi naona baba yangu. Aliyenichoma moyo ni baba mwenyewe. Aliposikia habari ya mnunuzi alisema iende tu, kazi yenyewe haikuacha alama, na kama tunabisha basi tumwonyeshe hata kisu kimoja.

Hatukuwa nacho. Kinyozi hajinyoi: nyumbani kwa mhunzi tulimenya viazi kwa kisu cha dukani chenye mpini wa plastiki, maana kila kilichotoka bandani kilikuwa na mwenyewe kabla hakijapoa. Waliokuja kununua ni watu wa porini, wakata kuni, wachungaji, na zaidi warina asali. Walivifunga visu kiunoni wakaenda zao, na heshima ya baba ikaenda nao.

Kwa hiyo nilikuwa nachakura vijiko vya Bei Moja bila kutazama, nikimgombeza kaka kimoyomoyo, kidole kikagusa chuma nikakitambua kabla sijakiona.

Nilikivuta. Kisu cha urefu wa kiganja na nusu, cheusi, kina kutu kidogo karibu na ncha, mpini wa mti mgumu uliolainishwa na mikono ya watu. Bei Moja alianza kuniomba radhi. Alisema hicho kibovu, kina mabonde, nichukue kile pale kinachong'aa. Nilikitazama hicho cha kung'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kisu cha kiwanda hukatwa kwenye bati la unene mmoja kuanzia mpini mpaka ncha. Hiki changu mgongo wake ulikuwa mnene shingoni, ukapungua polepole kadiri ulivyokwenda mbele, na kupungua namna ile hakuji bila mtu kusimama na nyundo. Hayo mabonde aliyoyaonea haya ndiyo nyayo za nyundo zenyewe. Nilipitisha dole gumba juu ya bapa nikazihisi moja moja.

Nikakigonga kwa ukucha, kikalia vizuri. Hiyo ni springi ya gari iliyofuliwa upya. Nikautazama mpini kwa ubavuni. Msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia mpinini, ulipita mpaka mwisho, umebanwa na misumari mitatu ya shaba, na hakuna kichwa cha msumari kilichofanana na mwenzake. Mwishoni mpini ulinenepa ukapinda kidogo kukishika kidole cha mwisho. Hapo ndipo moyo ulipopiga. Mpini wa namna hiyo ulichongwa bandani kwetu tu, kwa ajili ya warina asali, ili kisu kisiponyoke kwenye mkono unaoteleza. Nimekua nikiyafagia maranda yake.

Nililipa bila kuomba nipunguziwe, jambo lililomtia Bei Moja wasiwasi hata akaniuliza kama naumwa. Nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba. Sikumwona hata kaka aliyekuwa anafagia banda. Nilimpa baba shikamoo pale barazani nikamwekea kisu mapajani.

Baba alivaa miwani. Alikipima juu ya kidole kimoja, kikatulia bila kuanguka. Akaushika mpini, na mkono wake ukajua pa kukaa. Nikaona uso wake unafunguka.

"Hiki kimetoka bandani kwangu," alisema.

Nilimwita kaka kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Kaka akaja na fagio lake. Lakini baba alikuwa amekigeuza kisu kwenye mwanga, anaitazama shingo yake, mahali ambapo tupa, chuma cha kusugulia, huacha michirizi.

"Kimetoka bandani kwangu," alirudia, "lakini si changu. Tazama michirizi inakolalia. Aliyepiga tupa hii anatumia mkono wa kushoto."

Kisha akatusimulia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Zamani, mimi nikiwa mgongoni, homa ya matumbo ilimlaza kitandani msimu mzima wa asali. Warina walikuwa wameshaagiza visu, nao hawawezi kungoja, maana nyuki hawangoji. Mama akamwambia asihangaike, amepita fundi msafiri, amekubali kuvimaliza kwenye banda lao. Baba kitandani alikuwa akiisikia nyundo. Siku aliyoweza kuketi, mama alimletea kisu kimoja akione, naye akaona wivu, kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko vyake. Fundi mwenyewe hakumkuta, alikuwa ameshaondoka. Basi kwa miaka mingi, kila mama alipokwenda sokoni, baba alimtuma amtafute yule fundi ampe salamu zake.

"Ndiye huyu," alisema, akakipapasa kisu. "Alikuwa na mkono yule bwana. Kumbe hata kilichobaki duniani kutoka bandani kwangu ni cha mtu mwingine. Mwacheni mtu wa vyuma aichukue fuawe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikwenda kumtafutia baba heshima, nikamletea mshindani. Kaka, Mungu ambariki, hakunicheka. Alisimama tu anachezea fagio.

Mama alitokea mlangoni kutoka jikoni, kiazi mkono wa kulia, kile kisu cha plastiki mkono wa kushoto. Alikuwa amesikia yote, jikoni kwetu ni hatua mbili tu kutoka baraza. Alimpa kaka kiazi amshikie, akakichukua kisu mapajani kwa baba, akakitazama kama mtu anayekagua sare ya mtoto kabla hajaenda shule.

"Huu msumari wa kati ulinisumbua," alisema. "Shaba sikuipasha moto vya kutosha. Umekaa upande."

Baba alivua miwani. Katika maisha yake yote bandani, mama kwetu alikuwa mpiga mvukuto, mpuliza moto tu. Ndivyo wateja walivyomjua, ndivyo tulivyomjua sisi, wala hakuna aliyewahi kufikiri kwamba anayesimama nyuma ya moto anaona kila pigo la nyundo.

"Wewe?" baba aliuliza.

"Wangejua ni mimi wasingevichukua. Na wewe ulikuwa mgonjwa, sikutaka upone ukute una mpinzani ndani ya nyumba."

Baba aliipangusa miwani kwa ncha ya shati. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na zile salamu zangu?"

"Zilifika zote," alisema mama. "Nilikuwa nafurahi sana."

Alimrudishia baba kisu, akachukua kiazi chake, akarudi jikoni. Baba alicheka mpaka akakohoa, kisha machozi yakamtoka na hakuyaficha. Alimkabidhi kaka kisu kwa mikono miwili. Alimwonyesha mgongo wake, akamwonyesha misumari, akamwambia ashike hapa, agonge hapa, asikie. Nilimtazama baba yangu akikisifu kisu ambacho hakukifua yeye, kwa fahari ambayo sikuwahi kuiona akisifu vyake, na mimi nilikuwa najivuna mara mbili, kwa ajili ya mama na kwa ajili yake.

Mtu wa vyuma chakavu aliingia uani na mkokoteni wake. Alimwamkia baba kwa heshima, akasema amekuja kwa ile fuawe, kama fundi yuko tayari.

"Fundi yuko jikoni," baba alimwambia. "Ngoja amalize kumenya viazi, umwulize mwenyewe kama anaiuza."