Vifungo vya Binti wa Mfalme

Fundi cherehani alipofika kwenye lango la mji mkuu wa kale, kaka yake, mwongoza watalii wa hapo, alikuwa tayari amezungukwa na wageni tisa. Alivaa lile shati la buluu ambalo fundi alimshonea, limenyooshwa kwa pasi, na shingoni kile kifungo cha rangi ya lulu kisichofanana na vingine.

"Usiseme wewe ni dada yangu," kaka alimnong'oneza. "Watadhani ndugu zangu nawapitisha bure."

"Na kweli unanipitisha bure."

"Ndiyo maana nakwambia unyamaze."

Fundi akacheka. Kunyamaza hakukuwa shida kwake. Kaka ndiye aliyemtoa nyumbani kwa kumbembeleza. "Njoo siku mbili tu upunge upepo," alimwambia kwenye simu. "Tangu mwaka jana umeiatamia hiyo cherehani kama kuku."

Mwaka jana bwana harusi hakutokea. Hilo mtaa mzima ulilijua. Wasilolijua ni yaliyofuata: kwamba hakuweza kulitupa gauni alilojishonea, na kwamba kila nguo ya mteja ilipokuja imepungukiwa kifungo, alikata kimoja mgongoni mwa gauni lile akakishona huko, ili kiende mbali naye. Vilikuwa kumi na saba. Alimwambia kaka peke yake, siku alipomshonea shati na kumtilia kimojawapo shingoni, na kaka alifuta machozi akasema, "Hili litakufa na mimi, mdogo wangu."

Walipita handaki lililojaa majani, ukuta uliobaki nusu, na chumba cha vyungu vilivyofungiwa nyuma ya vioo. Kaka alieleza vizuri mpaka mwalimu mmoja mstaafu akaanza kumwita Profesa. Huko nyuma kabisa ya msafara, fundi alijaa fahari.

Kisha wakaingia kwenye chumba kisicho na paa, chenye kisima katikati.

"Hapa," kaka akashusha sauti, "aliishi binti wa mfalme. Alijishonea gauni la harusi kwa mkono wake. Siku ikafika, bwana harusi asionekane. Akakaa kwenye kiti hiki cha mawe toka asubuhi mpaka jua likazama, hataki hata kuvuliwa viatu."

Viatu. Na hilo pia alikuwa amemwambia.

"Baada ya hapo akawa anakata vifungo vya lile gauni, kimoja kimoja, anawagawia wapita njia. Vyote kumi na saba."

Bwana mnene mwenye kamera akaguna. "Huyo alikuwa hamnazo."

"Kidogo," kaka akasema, na wote wakacheka. Alisubiri kicheko kiishe, kama mtu anayejua kinachukua muda gani.

Hapo ndipo fundi alipoelewa kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Hata ya ishirini haikuwa. Na leo, akiwa yeye mwenyewe yumo chumbani, kaka angeweza kuiruka hadithi hiyo. Hakuiruka, kwa sababu alijua dada yake hasemi.

"Mwisho wake?" mwalimu akauliza.

"Alijitupa humu kisimani."

Shingo zote zikarefuka kuchungulia. Fundi hakuchungulia. Alimtazama kaka, kaka akatazama pembeni.

"Hakujitupa," fundi akasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini kuta za mawe ziliichukua.

"Wewe umejuaje, binti?" mwalimu akamgeukia.

Fundi alifungua mkoba, akatoa mkasi mdogo asioachana nao, akapita katikati ya wageni mpaka mbele ya kaka.

"Dada," kaka akasema chinichini, "hii ni kazi tu."

"Tulia, nisije nikakukata."

Akashika ukosi wa shati, akakata uzi, kifungo kikamwangukia kiganjani. Kilikuwa na joto la shingo ya kaka. Akakitia mkobani na mkasi wake, akashika njia ya langoni.

"Profesa," alimsikia mwalimu akiuliza nyuma yake, "kumbe huyo ni dada yako?"

Profesa, shati limemwachia shingoni, akawaonyesha wageni njia ya chumba kinachofuata.